Mafundo Kumi na Moja

Saa nne kamili kengele ya chai ililia, na kama Alhamisi iliyopita, na kama Jumatatu, Kimya alisogeza kikombe chake pembeni taratibu, kama mtu anayemwondoa paka mezani.

Baba Pasi alimwona. Miaka kumi na tisa alikuwa amesimama mbele ya pasi ileile ya mvuke, akinyoosha mashuka ya hospitali na ya nyumba za wageni, na mtu aliyenyoosha mashuka miaka yote hiyo jicho lake hutafuta mkunjo hata mahali pasipo na mkunjo.

"Kimya, umeanza Ramadhani peke yako?" mkunjaji mmoja wa mashuka alimtania. "Mwezi umeuona wapi, kwenye pipa la sabuni?"

Watu wakacheka. Kimya akatabasamu kidogo tu, maana jina lake hakulipata kwa bahati mbaya. Msimamizi akapita na peni yake sikioni. "Asiyekunywa chai arudi kazini. Dakika kumi ni za chai, si za kukaa." Kimya akainuka bila neno, akarudi kwenye mashine za kufulia.

"Hao ndio wakubwa wetu," Baba Pasi akanung'unika. "Ukinywa wanakuhesabia dakika, usipokunywa wanakunyang'anya."

Ungesema anamtetea Kimya. La. Kimya alikuwa mtoto wa mjomba wa marehemu mkewe, na kabla Baba Pasi hajapeleka posa, Kimya alikuwa ameshapeleka yake ikarudishwa, kwa kuwa wakati ule hakuwa na kazi. Kazi akaja kuipata baadaye, tena hapa hapa, tena kwa kuombewa na marehemu mwenyewe, aliyekuwa naye akifanya kazi hapa. Mtu wa namna hiyo unamsalimia, unamwitikia akikuita shemeji, lakini unajua siku zote yuko wapi.

"Muacheni," alisema Mama Chai akizoa vikombe. "Mwenzenu ana deni la saumu."

"Deni lipi?" Baba Pasi akauliza. "Kimya huyu hajawahi kula Ramadhani hata siku moja. Namjua mimi."

"Si lake. La marehemu wako, baba. Zile siku kumi na moja. Kwani..." Mama Chai akamtazama usoni, akaziba mdomo kwa kiganja. "Astaghfirullah. Mdomo huu utanipeleka pabaya."

Baba Pasi alirudi kwenye pasi. Alikuwa akisikia mvuke, lakini hakusikia kitu kingine. Siku kumi na moja za mke wake. Za mke wake! Harufu ya kitambaa kuungua ilimfikia wakati tayari Msimamizi yuko mgongoni mwake, ameliinua shuka juu kwa mikono miwili ili kila mtu aone ile alama ya kahawia.

"Baba Pasi, umelala? Au na wewe leo umefunga?"

Safari hii watu walicheka zaidi. Kicheko kile kilikuwa na mfupa ndani yake, na Baba Pasi aliusikia bila kujua ni wa mnyama gani.

Mashati ya wafanyakazi yalitundikwa kwenye misumari kando ya mlango. La Kimya lilikuwa la pili kutoka lake. Alipokwenda kufuta jasho aliona ncha ya uzi mwekundu ikichungulia mfukoni. Pale kazini kila mpiga pasi ana rangi yake ya uzi, ndiyo alama anayofungia mizigo aliyoinyoosha, akikosea ajulikane. Nyekundu ilikuwa yake yeye, na hakuna mwingine.

Akauvuta. Ulikuwa na urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kidole, na mafundo matatu. Kabla ya mafundo hayo, uzi ulikuwa na mikunjo minane, mahali ambapo mafundo mengine yalikuwa yamefunguliwa.

Akautia mfukoni mwake.

*

Binti yake alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua maharage. Baba Pasi hakuvua viatu. Aliutupa uzi juu ya ungo.

"Huu unaujua?"

Binti aliutazama, akaendelea kuokota mawe madogo. "Wa mama."

"Umefikaje mfukoni mwa Kimya?"

"Baba, kaa kwanza."

"Nimekuuliza nikiwa nimesimama, nijibu nikiwa nimesimama."

Binti akaweka ungo chini. "Ramadhani iliyopita mama alipougua alikula siku kumi na moja. Kila siku asiyofunga alifunga fundo moja kwenye uzi wako mwekundu. Alisema akipona, kila siku atakayofunga atafungua fundo moja. Akapona. Kila akitaka kuanza, Msimamizi anampeleka kwenye mashuka ya moto."

"Nilijua! 'Anayefunga afunge kwake, hapa mashuka hayafungi.' Kauli yake hiyo. Mwanamke amekufa na deni kwa sababu ya mtu mwenye peni sikioni!"

"Halafu akaanguka tena. Unakumbuka siku ile hospitali walisema dripu hakuna, ukaenda kuitafuta nje?"

Angeisahau vipi? Maduka matano ya dawa, jua la utosi, na aliporudi nayo daktari amekwenda kula.

"Ulipokuwa huko ndipo Kimya alipokuja kumwona. Mama akautoa uzi chini ya mto, akampa mbele yangu. Akasema, 'Kaka, hizi ni zangu, na sina wa kumwachia.'"

"Hana wa kumwachia?" Sauti ya Baba Pasi ilipanda mpaka jirani akapunguza redio. "Mimi ni nani? Miaka ishirini na miwili, mimi ni nani? Mpangaji?"

 Binti alichukua harage moja, akaligeuza, akalirudisha.

"Sema."

"Baba, tusiseme."

"Nimesema sema!"

"Aproni yako nani alikuwa akiifua?"

Baba Pasi akatazama maharage.

"Ramadhani tatu," Binti alisema, sasa kwa upole, na upole ule ulimkata kuliko ukali. "Makombo ya mkate mfukoni. Mama alikuwa akiyakung'uta kabla ya kuiloweka, mimi nikimwona. Ukirudi jioni anakuwekea tende na maji kama mtu aliyefunga. Akaniambia, 'Baba yako anaumwa tumbo na anaona haya. Usimwambie kitu.' Ndiyo maana hakukuachia. Hakutaka kukubebesha, na hakutaka kukuaibisha."

Vidonda vya tumbo. Zahanati walimwambia mwaka ule wa kwanza, wakamwandikia dawa ambazo dirishani kwao hazikuwepo. Ikifika saa tisa tumbo lilikuwa likimtafuna kama panya aliye ndani ya gunia. Alikuwa akienda nyuma ya boila, anakula kipande cha mkate amesimama, anafuta mdomo kwa kiganja, anarudi kwenye pasi akilalamika kiu. Na alifikiri hakuna ajuaye. Sasa aliujua mfupa uliokuwa ndani ya kicheko cha asubuhi.

Usiku mzima fundo lilikuwa moyoni, na hilo halikuwa la uzi.

*

Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, alimkuta mwalimu wa madrasa barazani akishona kandambili yake kwa waya.

"Mwalimu, mtu akifa na deni la saumu, nani mwenye haki ya kumfungia?"

Mwalimu akainua uso. "Watu huniuliza nani mwenye wajibu. Wewe ni wa kwanza kuniuliza nani mwenye haki. Kuna ugomvi?"

"Nauliza tu."

"Ndugu yake amfungie. Au mwingine, marehemu akiwa amemruhusu. Au kwa kila siku alishwe masikini mmoja."

"Na mume?"

"Mume anaweza. Hakuna aliyemfungia mlango."

"Na huyo mume akiwa anaumwa tumbo?"

"Mgonjwa ana ruhusa, na hakupewa na mimi wala na daktari, amepewa na Mungu. Akipona atalipa siku zake. Asipotarajiwa kupona atalisha masikini. Hapo hakuna aibu yoyote."

Baba Pasi alikuna kidevu. "Na akila kwa kujificha?"

"Kamficha nani?" Mwalimu alivuta waya kwa meno. "Kama kamficha Mungu, hakuweza. Kama kawaficha watu, hakuwa na haja. Saumu ndugu yangu haina shahidi. Sala tunakuona, hija tunakusindikiza, zaka masikini anaijua. Saumu ni wewe na Mungu tu. Sasa mtu anayekula kwa kujificha halafu jioni anakaa na wafungaji, huyo kaikosa ruhusa na kaikosa saumu, vyote viwili."

"Wakubwa wa kazini nao je? Hawampi mtu nafasi. Hospitali nako dawa hakuna."

"Watajibu yao, tena yatakuwa mazito. Lakini hawatakujibia yako."

Baba Pasi aliaga. Njiani alikuwa akisema peke yake kwamba hata barazani nako siku hizi kuna wasimamizi, wamekosa peni ya sikioni tu.

*

Chumba cha Kimya kilikuwa na kitanda kimoja, sahani moja na sufuria moja iliyofunikwa kwa sahani hiyohiyo. Jumapili asubuhi Baba Pasi alisimama mlangoni bila kubisha.

"Shemeji," Kimya akasema. "Karibu."

"Sijaja kukaa." Aliutoa uzi. "Nimeuchukua mimi."

"Najua. Alhamisi magharibi nilitaka kufungua fundo, nikaukosa. Lifungue moja, ile siku nilifunga. Yanabaki mawili."

Baba Pasi alilifungua palepale kwa ukucha, kwa hasira, kama anayetoa mwiba. "Siku hizi mbili zilizobaki nitazifunga mimi. Wewe umeshafanya kazi yako, ahsante, nenda kapumzike."

"Niliachiwa mimi."

"Ulimtaka!"

Neno lile lilikuwa limekaa kinywani mwake miaka ishirini na miwili, na lilipotoka lilikuwa dogo kuliko alivyodhani. Kimya aliketi ukingoni mwa kitanda. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa sabuni ya magadi, vidole vyekundu kama vya mtu aliyemenya kitu kisichomenyeka.

"Nilimtaka," akasema. "Kila mtu anajua. Nikakosa, ukapata wewe. Umekula chakula chake miaka ishirini na miwili, umezaa naye, umemshusha kaburini kwa mikono yako. Mimi nimepata siku kumi na moja, tena za njaa. Hata hizo, shemeji, unanionea wivu?"

 Lingekuwepo tusi la kumtupia, Baba Pasi angelitupa. "Ndiyo," akajibu.

 Kimya akatikisa kichwa, si kwa kukataa. "Basi ya kesho ifunge wewe."

*

Binti alimwamsha kabla ya alfajiri, akampa uji na mkate. Hakuuliza kitu. Baba Pasi akatia nia kwa sauti, ili asikike.

Saa nne kengele ililia. Alisogeza kikombe pembeni. Mama Chai akamtazama, akamtazama na Kimya, akakodoa macho.

"Baba, leo na wewe?"

"Tumbo," alisema Baba Pasi. Akashangaa mwenyewe. Ramadhani tatu alikuwa amekula akasema amefunga. Leo kafunga anasema tumbo.

"Asiyekunywa chai arudi kazini," Msimamizi akasema, na wote wawili wakainuka, wakapishana mlangoni bila kutazamana.

Mpaka adhuhuri alikuwa mtu. Alinyoosha foronya sitini, moja baada ya nyingine, na kila moja aliitazama ikilala kama karatasi, akasema moyoni, umeona, mama Binti, umeona? Saa nane panya akaamka ndani ya gunia. Saa tisa alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa meza ya pasi kwa mikono miwili, jasho lake baridi ndani ya joto lile. Miguu ikampeleka yenyewe nyuma ya boila, maana njia ile ilikuwa ikiijua. Mkono ukaingia wenyewe mfukoni mwa aproni. Hapakuwa na mkate. Alikuwa ameuacha nyumbani kwa makusudi, na sasa aliulilia kama mtoto.

Akachuchumaa, akatapika kitu kichungu cha manjano.

Alipofungua macho Kimya alikuwa mbele yake na kopo la maji. "Kunywa."

"Zimebaki saa tatu tu."

"Kunywa, shemeji. Mgonjwa halazimishwi kufunga."

"Ni siku yake! Nikinywa siku yake imekwenda!"

"Haikwenda. Mimi nimefunga."

Baba Pasi akamshika ukosi. Hakuwa na nguvu, akabaki ameushika tu. "Ulisema unaniachia."

"Nilikuachia." Kimya alitazama chini. "Lakini siku ile hospitali aliniambia neno. Alisema, 'Mume wangu akijua atataka kuzifunga yeye. Usimkatalie. Wewe siku hiyo funga tu.'"

Mashine za kufulia zilikuwa zikinguruma upande wa pili wa ukuta. Hata marehemu, aliye chini ya udongo miezi miwili sasa, alikuwa amemjua mpaka saa tisa ya leo. Na alichokijua hakumwambia yeye, alimwambia huyu. Baba Pasi akalichukua kopo. Maji yalikuwa matamu mno, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

*

Alhamisi ile ilikuwa ya mwisho kabla ya mwezi mtukufu. Kengele ilipolia, Baba Pasi alitoa mkate wake mfukoni, akauweka mezani mbele ya watu, akaumega.

"Nyuma ya boila pamejaa leo?" mkunjaji akamchokoza.

"Pamehamia hapa," alisema Baba Pasi. "Nina vidonda vya tumbo. Na Ramadhani nitakula hapahapa, mkitaka kutazama mje na viti."

Hakuna aliyecheka sana. Mama Chai akamwongezea maziwa. Kimya alikuwa amesogeza kikombe chake, anainuka kurudi kazini, ndipo Baba Pasi akamwita bila kumtazama.

"Wewe. Jioni futuru kwangu."

"Shemeji, usihangaike."

"Sihangaiki. Walimu husema anayemfuturisha mfungaji anapata thawabu kama yake. Nataka yangu."

Jioni Kimya alikaa kwenye mkeka, mahali palepale alipokuwa akikaa marehemu akishona. Baba Pasi aliliona hilo. Binti alileta tende, maji, wali na maharage, na maji yale aliyatia kwenye kikombe cha mama yake chenye ua la buluu.

"Vikombe vingine vimekwisha?" Baba Pasi akauliza.

"Vimekwisha, Baba," alisema Binti, na vilikuwa vinne rafuni, vinaonekana.

Adhana ikasikika. Kimya akasoma dua yake chini kwa chini, akala tende, akanywa. Baba Pasi alimtazama koo likipanda na kushuka. Alihesabu tende: ya pili, ya tatu. Kila tende Kimya aliyotia kinywani aliiona kama inaingia nyumbani kwake, na hata hivyo mkono wake ukausogeza wali karibu.

"Kula. Hujala kitu."

Walipomaliza, aliutoa uzi. Fundo lilikuwa limebaki moja. Kimya alijaribu kulifungua, vidole vilivyopasuka vikateleza. Lilikuwa la kwanza kufungwa, siku marehemu alipokuwa bado na nguvu mkononi. Baba Pasi akaupokea, akalilegeza kwa meno, kisha kwa ukucha, polepole, mpaka likaachia.

Uzi ukabaki mtupu, na mikunjo kumi na mmoja kama nyayo. Wote watatu waliutazama.

"Ubaki nao wewe," Kimya akasema. "Ni alama yako."

Baba Pasi aliuviringa kidoleni, akauviringua. Kisha akaanza kuufunga. Fundo la kwanza liliingia katika mkunjo wa kwanza kama mguu kwenye kiatu chake. La pili. La tatu. Kimya aliacha kupangusa mikono. Mikunjo yote kumi na mmoja ilipojaa aliendelea mahali papya, midomo ikihesabu.

"Baba," Binti akasema, "unahesabu nini?"

"Zangu." Hakuinua kichwa. "Za mwaka jana peke yake. Za nyuma ya hapo nitatafuta uzi mwingine. Tumbo likipona nitazilipa, lisipopona nitalisha watu. Lakini zijulikane." Akakaza fundo la kumi na nne, akasita. Na lile swali lililokuwa likimtafuna tangu Alhamisi iliyopita, chini ya hasira zote, likamtoka lenyewe. "Yeye alikuwa na mtu wa kumwachia. Mimi nikifa leo, hizi nani atanifungia?"

 Kimya akanyoosha mkono wake uliopasuka katikati ya sahani, kiganja juu, kama mtu anayesubiri chenji.

"Lete," akasema.

Baba Pasi aliutazama mkono ule. Kisha akaukunja uzi, akautia mfukoni mwa aproni yake, pale ulipokuwa ukikaa mkate, akapiga kofi juu yake.

"Hizi," akasema, "huzipati."